Walimu Walioinusuru Ngoma ya Kiuno

Mwaka 1834 mtawala wa Misri, Mohammed Ali Pasha, aliwapiga marufuku wanawake waliokuwa wakicheza ngoma hadharani mjini Cairo. Waliokaidi walipelekwa kusini, kwenye miji ya Qena, Esna na Aswan, mbali kabisa na makao yao. Baadaye mjukuu wake, Khedive Ismail, alipasua barabara ndefu kutoka Ataba hadi chini ya Ngome ya Cairo, akaipa jina la babu yake. Haikuchukua muda barabara hiyo ikawa ya mafundi wa udi na ganuni, wapigaji muziki wa harusini na wanawake wachezaji. Waliofukuzwa na Mohammed Ali wakapata makazi katika Mtaa wa Mohammed Ali.

Ninaanza na mtaa huo kwa sababu ndiko ulikokuwa ufundishaji. Historia ya raks sharki, ngoma ya Kimisri ya kiuno na tumbo, husimuliwa kwa majina ya nyota wa filamu. Nyota wanastahili sifa zao, lakini ngoma hii imepigwa marufuku, imetengwa na imedharauliwa na watu walewale walioialika harusini. Kilichoivusha ni walimu, na wengi wao hawakuwahi kuwa na darasa.

Katika Mtaa wa Mohammed Ali, kiongozi wa kundi la wanawake aliitwa usta, yaani fundi mkuu. Yeye ndiye aliyepokea kazi za harusi, akapatana bei, akawagawia wenzake malipo na kuwalea wasichana waliotaka kujifunza. Mwanafunzi alifuatana na usta kwenye sherehe, akabeba mizigo, akatazama, akaingia uwanjani alipoitwa. Msafara wa bibi harusi ulikuwa mtihani mkubwa: mchezaji alitangulia mbele amejitwika kinara chenye mishumaa inayowaka. Kiuno kinakata, mabega yanatikisika, kichwa hakisogei. Ujuzi wa namna hiyo hauandikiki. Hupita kwa jicho, na kwa mkono wa mwalimu unaokusukuma nyonga pale unapokosea.

Msomaji wa pwani ataitambua elimu hii mara moja. Kwetu kungwi amemfunza mwali kukata kiuno ndani ya unyago, milango imefungwa, ngoma ya msondo ikiongoza. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, dunia ilimjua kwa sauti ya taarabu, lakini wanawake wengi wa Unguja walimjua kwanza kama mwalimu wa unyago. Sidai kwamba unyago ulitoka Misri. Una asili yake Afrika bara. Cairo na Zanzibar ziliunganishwa na muziki. Masimulizi ya Zanzibar yanasema Sultani Barghash alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza ganuni, na karne iliyofuata filamu za Kimisri zikawaleta waimbaji na wachezaji wa huko hadi kwenye majumba ya sinema ya Unguja.

Na wachezaji hao wa filamu, wengi walipita mikononi mwa mwanamke mmoja. Badia Masabni, mzaliwa wa Damascus, alifungua ukumbi wake mjini Cairo mwaka 1926. Hadi hapo ngoma hii ilikuwa ya sebuleni na uani, mchezaji akikata kiuno mahali padogo, karibu na watazamaji wake. Badia alikuwa na jukwaa, na jukwaa tupu linamtisha mchezaji asiyejua kutembea. Akawafundisha wasichana wake kulitumia lote, kuinua mikono juu badala ya kuiacha ubavuni, kuingia na kutoka kwa madaha. Aliongeza ala kwenye okestra, akaajiri walimu wa densi za Ulaya, na akaweka maonyesho ya mchana ya wanawake peke yao, ili mama wa nyumba zenye heshima waweze kuja bila kusemwa. Hilo la mwisho ninaliheshimu kuliko yote. Lilirudisha ngoma kwa wanawake, ambao ndio wenyewe.

Kwake walitokea Tahia Carioca na Samia Gamal. Tahia alipata jina la pili kutokana na densi ya Kibrazili iliyokuwa ikivuma miaka ya 1930. Alikuwa mchezaji wa mwendo mfupi, asiyehama sana pale aliposimama, na Edward Said, mwanazuoni wa Kipalestina, alimwandikia makala nzima ya heshima. Samia alitoka kijijini katika eneo la Beni Suef. Inasimuliwa kwamba alipopewa kucheza peke yake kwa mara ya kwanza aliganda jukwaani, kisha akatafuta mwalimu na kujifunza upya. Mwaka 1949 alicheza katika filamu ya Afrita Hanem pamoja na Farid al-Atrash, na mtazamaji wa leo hawezi kuamini kwamba mguu ule uliwahi kusita.

Mwalimu wa pili ninayemweka juu ni mwanamume. Mahmoud Reda alikuwa mchezaji wa jimnastiki aliyeiwakilisha Misri kwenye Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952. Mwaka 1959, pamoja na kaka yake Ali na Farida Fahmy, alianzisha kikundi cha Reda. Alizunguka vijijini kutazama ngoma za fimbo za Saidi, yaani kusini mwa Misri, ngoma za wavuvi na za Wanubi, akazitungia sura ya jukwaani. Farida, binti wa msomi wa chuo kikuu, alicheza mbele ya taifa zima na baba yake akimuunga mkono. Kwa familia nyingi za Misri hilo lilikuwa jambo jipya: binti wa nyumba njema anacheza, na heshima yake iko palepale. Serikali ya Rais Nasser ilikichukua kikundi hicho chini yake, wakati uleule ilipowataka wachezaji wa raks sharki wafunike matumbo.

Reda hakufundisha raks sharki hasa, ila wanafunzi wake ndio waliokuja kuwa walimu wa ngoma hiyo. Raqia Hassan alitoka kwenye kikundi hicho akawafundisha nyota wa Cairo, Dina akiwamo, na mwaka 2000 alianzisha tamasha la Ahlan wa Sahlan, ambalo huwaleta wanafunzi Cairo kutoka kila pembe ya dunia. Naye Ibrahim Akef, wa ukoo uleule wa sarakasi uliomtoa mchezaji wa filamu Naima Akef, aliendelea kufundisha hadi uzeeni. Kwa mwalimu kama huyo somo huanza sikioni. Mwanafunzi asikie kwanza dumbak: dum nzito ni ya nyonga kushuka, tek nyepesi ni ya kupanda au ya bega. Asiyesikia ngoma, hata awe na kiuno chepesi vipi, anafanya mazoezi ya viungo tu.

Nje ya Misri safari ilikuwa ndefu, na ilianza vibaya. Maonyesho ya Chicago ya mwaka 1893 yaliwatangaza wachezaji kama kioja cha tumbo, na fedheha hiyo imeifuata ngoma hadi leo. Huko Marekani pia waliorekebisha mambo ni walimu. Jamila Salimpour wa San Francisco aliwatazama wachezaji wa Kiarabu na wa Kituruki, akazipa hatua zao majina na kuzipanga, pamoja na mapigo ya matuazi ya vidole, kisha mwaka 1968 akaanzisha kikundi cha Bal Anat. Mtu anaweza kubisha kuhusu mchanganyiko wake wa mila za nchi tofauti, na mimi nabisha. Lakini kabla yake mwanafunzi wa huko hakuwa na hata neno la kuuliza swali.

Tukirudi Cairo, mwaka 1995 mtafiti wa Kiholanzi Karin van Nieuwkerk alichapisha kitabu kuhusu wanawake wa Mtaa wa Mohammed Ali, na walichomwambia ni kwamba hii ni kazi kama kazi nyingine. Walikuwa wanajitetea, na walikuwa na haki. Mwenye harusi anamtaka mchezaji aje, lakini hamtaki awe mkwe wake.

Misri ilifungua chuo chake cha juu cha baleti mwaka 1958, kwa msaada wa walimu kutoka Urusi ya Kisovieti, na watoto wa Kimisri wakafundishwa kwa gharama ya serikali densi iliyozaliwa Ulaya. Ilikuwa hatua nzuri. Raks sharki, iliyozaliwa pale pale, haijapata chuo cha serikali hata kimoja, na walimu wake wangali wakikodi vyumba vya kufundishia kwa fedha zao wenyewe.