Vifupisho vya Kiingereza: Kutoka Kalamu ya Swift hadi Simu ya Mkononi

Ufupishaji wa maneno katika Kiingereza umeshutumiwa na watetezi wa lugha sanifu kwa karne nyingi. Tarehe 28 Septemba 1710, katika gazeti la Tatler la London, Jonathan Swift alilalamikia maneno yaliyokatwa mkia, kama vile «mob», yaani kundi la wafanya ghasia, na «pozz», yaani hakika. Lakini mwezi ule ule alianza kuwaandikia rafiki zake wawili wa Dublin barua zenye vifupisho vya siri: wao aliwaita «MD», na yeye mwenyewe «Pdfr». Alichokikataza hadharani alikitumia faraghani.

Vivyo hivyo «OMG», inayodhaniwa na wengi kuwa zao la intaneti, imo katika barua ambayo Amirali Fisher alimwandikia Winston Churchill tarehe 9 Septemba 1917. Fisher alikifafanua kifupisho hicho papo hapo.

Ujumbe wa kwanza wa simu, uliotumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, ulikuwa salamu ya Noeli kwa maneno kamili, kwani mhandisi Neil Papworth aliuandika kwa kompyuta. Ufupishaji ulistawi watu walipoandika kwa vitufe vya simu. Kila kitufe kilibeba herufi tatu au nne. Neno «you» lilidai mibonyezo 8, hali «u» ilidai 2 tu. Tena ujumbe mmoja ulikuwa na nafasi ya alama 160, nao ulilipiwa. Chanzo, basi, kilikuwa chombo na gharama zaidi ya uvivu.

Hata hivyo, mwaka 2007 mtangazaji John Humphrys aliwafananisha waandishi wa jumbe hizo na Genghis Khan. Mwaka 2008 mwanaisimu David Crystal alionyesha kwamba maneno mengi ya jumbe hizo huandikwa kikamilifu, na kwamba afupishaye vema hana budi kuijua tahajia kwanza. Mwezi Machi 2011 Kamusi ya Oxford iliziingiza «OMG» na «LOL».

Neno «mob» limekuwa sanifu, «pozz» limekufa. Hukumu hiyo ilitolewa na matumizi, wala si na Swift. Kwa hiyo mwalimu anayemwadhibu mwanafunzi kwa kujua kifupisho huadhibu ujuzi. Wajibu wake ni kumfundisha mahali pa kila mtindo, jambo ambalo Swift alilitenda bila kulikiri.