Treni hadi Voi, gari hadi Taveta: namna ya kupanga safari ya miji mingi

Mpwa wangu anayeishi Ujerumani alinipigia simu juzi. Anakuja likizo na mkewe na watoto wawili. Anataka kuwaonyesha Mombasa, Voi, milima ya Taita na Taveta, kisha wavuke mpaka hadi Moshi. "Mjomba," akaniuliza, "tupande treni au tukodi gari?"

Huko aliko, swali hilo ni jepesi. Tangu mwaka 1972 kuna tiketi ya Interrail inayowawezesha wakazi wa Ulaya kupanda treni za nchi nyingi kwa tiketi moja, na mipaka mingi ya huko huvukwa bila mtu kushuka garini. Huku kwetu mambo ni tofauti. Nilimjibu hivi: usichague chombo kimoja kwa safari nzima, chagua kwa kila kipande. Na kabla ya kuulizia bei, uliza karatasi.

Nasema hivyo kwa sababu kosa hilo nilishalifanya mwenyewe, na aliyekaribia kulipia ni mamangu. Nitalieleza mbele.

Kipande cha kwanza: Mombasa hadi Voi

Ni kama kilomita 160. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, ndiyo njia ya raha zaidi. Lakini fahamu kwamba si kila treni husimama Voi. Ya kutegemea ni ile ya asubuhi inayosimama vituo vya katikati. Tiketi hununuliwa kwa simu kupitia *639# au kwenye tovuti ya shirika la reli, na malipo ni kwa M-Pesa. Wakati wa sikukuu na shule zikifungwa, nafasi huisha mapema, basi usingoje wiki ya safari. Njoo na kitambulisho kilekile ulichokatia tiketi, na ufike kituo cha Miritini saa nzima kabla, maana mizigo hukaguliwa.

Nauli kutoka Mombasa hadi Nairobi ilipanda Januari 2024, kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 daraja la kawaida, na kutoka 3,000 hadi 4,500 daraja la kwanza. Anayeshukia Voi hulipa chini ya hapo. Angalia bei ya siku yako kabla ya kupiga hesabu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Treni hulipisha kwa kichwa, gari la kukodi hulipisha kwa siku. Msafiri mmoja au wawili, treni ni nafuu. Watu watano wenye mizigo, gari huanza kuwa na maana. Ila ukumbuke kwamba gari huliwa na mafuta, na siku unayolala hotelini bila kwenda popote bado unalilipia.

Anayekwenda kwa gari anapata jambo moja ambalo abiria wa treni hulikosa: kusimama Mackinnon Road, kwenye msikiti ulio kando ya reli ya zamani, penye kaburi la Sayyid Baghali. Wasafiri wengi wa Pwani huswali hapo na kunyoosha miguu. Hasara yake ni malori ya barabara kuu. Usiendeshe usiku.

Kipande cha pili: Voi na milima ya Taita

Hapa gari linahitajika. Kituo cha SGR kiko nje kidogo ya mji, lakini bodaboda na teksi hungoja treni. Kwa maoni yangu, ni heri ukodi gari Voi kwenyewe, pamoja na dereva mwenyeji, kuliko kulileta kutoka Mombasa.

Panga siku mbili. Ya kwanza iwe ya mbuga ya Tsavo Mashariki, ambayo lango lake la Voi liko karibu na mji. Kiingilio hulipwa kwa njia ya mtandao, basi kilipe kabla ya kufika langoni. Ya pili upande Mwatate, makao makuu ya kaunti, kisha Wundanyi. Lami inafika Wundanyi, lakini kona ni kali na jioni huwa na ukungu. Mlima Vuria una mita 2,208, na baridi yake humshangaza mtu wa Mombasa. Beba sweta.

Kipande cha tatu: Voi hadi Taveta

Ni kama kilomita 110, na sehemu ya barabara inapita ndani ya eneo la Tsavo Magharibi. Ndovu huvuka, basi punguza mwendo na usiwaruhusu watoto kushuka. Waingereza walijenga reli kwenye njia hii wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na kilima cha Salaita, walikopigana na Wajerumani Februari 1916, kiko karibu na Taveta. Leo hakuna treni ya abiria hapo. Asiye na gari hupanda matatu kutoka Voi.

Ukiwa Taveta, Ziwa Chala na Ziwa Jipe zinastahili siku nzima. Huko ni barabara za vumbi, kwa hiyo gari dogo la chini litakusumbua, hasa mvua ikinyesha.

Mpakani: hapa ndipo nilipokosea

Mwaka juzi nduguye mamangu aliugua sana Moshi. Nilikodi gari Mombasa kwa haraka, nikauliza bei na nikakagua magurudumu. Sikuuliza kama gari linaruhusiwa kuvuka mpaka. Tulipofika Holili, ofisa aliomba barua ya idhini ya mwenye gari na nakala ya logbuku. Mimi nilikuwa na mkataba wa kukodi tu. Nilimpigia mwenye gari, simu haikupokelewa.

Kilichotuokoa ni kwamba mamangu na dadangu walikuwa na pasipoti zao. Waligongewa muhuri, wakapanda daladala hadi Moshi, mimi nikageuza gari. Walifika baada ya Magharibi. Mamangu aliketi na nduguye siku nne, wakazungumza. Wiki iliyofuata alifariki, Mungu amrehemu. Mimi sikumwona.

Basi shika haya. Tangu 2016 Taveta na Holili ni kituo cha pamoja: anayeingia Tanzania hukaguliwa na nchi zote mbili upande wa Holili, anayerudi hukaguliwa Taveta. Kila mtu, hata mtoto, awe na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Kitambulisho pekee kisikudanganye. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Gari la kukodi liwe na barua ya mwenyewe inayotaja nchi unayokwenda, nakala ya logbuku, na bima ya COMESA, ile kadi ya njano. Ukikosa kimojawapo, liache gari Taveta. Moshi ni kama kilomita 40 tu kwa daladala.

Nilivyompangia mpwa wangu

Treni asubuhi hadi Voi. Gari na dereva wa Voi kwa siku nne: moja ya mbuga, moja ya Wundanyi, moja ya njia hadi Taveta, moja ya maziwa. Kisha amwage dereva mpakani, avuke na familia, na daladala iwafikishe Moshi. Nilimwambia pia aache siku moja tupu katikati, isiyopangiwa kitu. Alicheka. "Mjomba, hiyo ni ya nini?"

Nikamwambia ni ya lile ambalo hukuliuliza.