Mnanaa wa Mchungaji Priestley

Tabibu mmoja wa karibu na Brussels, Jan Baptista van Helmont, alichukua ratili 200 za udongo, kama kilo 90, akaukausha katika tanuri na kuutia ndani ya chombo kikubwa. Humo akapanda mche wa mwerebi, mti ule ambao Biblia huutaja kando ya maji, wenye uzito wa ratili 5. Akaufunika udongo ili vumbi lisiingie, akawa anaumwagilia maji tu. Baada ya miaka 5 aliung'oa mti na kuupima: ratili 169 na wakia kadhaa. Akaukausha tena ule udongo, akakuta umepungua wakia 2 hivi. Habari hizi zilichapishwa mwaka 1648, yeye akiwa amekwisha kufariki.

Ndugu msomaji, tusipite hapo haraka. Sisi tuliokulia mashambani tumezoea kusema kwamba mti unakula udongo. Kama udongo haukupungua, zile ratili 164 zilitoka wapi? Van Helmont alijibu kwamba zilitoka katika maji. Ajabu ni kwamba nusu nyingine ya jibu alikuwa nayo mkononi. Ndiye aliyetupa neno "gesi", na aliandika kwamba ratili 62 za mkaa wa mwaloni zikichomwa huacha ratili 1 ya majivu. Yeyote anayepikia mkaa analijua jambo hilo: unanunua gunia zima, na mwisho unazoa jivu la kujaza kopo. Nyingine zote, alisema, zimegeuka gesi. Hakuwaza kwamba kile kilichotoka kwa moto ndicho kilichoingia wakati mti ulipokuwa ukikua.

Waliofuata kuliuliza swali hili wengi wao walikuwa watumishi wa kanisa, na sidhani hilo lilitokea kwa bahati tu. Stephen Hales, kasisi wa Teddington huko Uingereza, alichapisha kitabu mwaka 1727 kuhusu jinsi mimea inavyonyonya na kutoa maji. Humo alikisia kwamba majani huvuta sehemu ya chakula chake kutoka hewani, na kwamba huenda mwanga nao una kazi yake. Alikisia vizuri, lakini hakuweza kuthibitisha.

Mwaka 1767 Joseph Priestley alianza kulichunga kusanyiko la Mill Hill katika mji wa Leeds. Alikaa jirani na kiwanda cha pombe, akavutiwa na hewa nzito iliyotanda juu ya mapipa yanayochacha, hewa ambayo iliuzima mshumaa. Tunaiita leo hewa ukaa. Swali lake lilikuwa la mtu anayeamini kwamba dunia ina Mtunzaji: kila moto na kila pumzi huichafua hewa, na imekuwa hivyo tangu mwanzo, basi mbona hatujakosa hewa sote? Lazima kuna njia iliyowekwa ya kuitengeneza upya.

Tarehe 17 Agosti 1771 alitia kitawi cha mnanaa ndani ya chombo kilichofungwa, chenye hewa ambamo mshumaa ulikuwa umezimika. Tarehe 27 aliingiza mshumaa mwingine, nao ukawaka vizuri kabisa. Panya naye aliweza kuishi katika hewa iliyotengenezwa na mmea. Benjamin Franklin, rafiki yake kutoka Marekani, alipoiona mimea hiyo ikistawi katika hewa mbaya, alimwandikia kwamba anatumaini watu sasa watapunguza pupa ya kukata miti iliyo karibu na nyumba zao.

Wengi wetu hatungekubaliana na Priestley katika mafundisho, kwa kuwa aliukataa Utatu waziwazi. Lakini kilichompata Birmingham, alikohamia mwaka 1780, ni sehemu ya historia yetu pia. Julai 1791 kundi la watu, wakipaza sauti kulitetea Kanisa na Mfalme, lilichoma nyumba mbili za ibada, kisha likaenda nyumbani kwake. Vyombo vya uchunguzi, vitabu na maandishi ya miaka mingi viliteketea. Yeye na mkewe waliokoka kwa kukimbia. Mwaka 1794 walivuka bahari kwenda Marekani.

Wakati huohuo wengine walikuwa wameendelea. Majaribio ya mnanaa yalikuwa na kasoro: mara yalifaulu, mara yalikataa. Mwaka 1779 daktari Mholanzi, Jan Ingenhousz, alieleza sababu. Ni sehemu za kijani tu zinazoitengeneza hewa, tena zikiwa katika mwanga. Gizani mmea huichafua kama sisi. Kisha Jean Senebier, mchungaji wa Geneva aliyekuwa pia mtunza maktaba, alitia majani katika maji yaliyochemshwa hadi hewa yote ikatoka, akayaweka juani. Hayakutoa kitu. Maji yalipokuwa na hewa ukaa, yalitoa hewa safi. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 1782. Mwaka 1804 Mgeneva mwingine, Nicolas-Théodore de Saussure, alikamilisha hesabu kwa mizani: kaboni ya mmea hutoka hewani, na maji nayo huingia katika uzito wake. Mwerebi wa Van Helmont ulikuwa umejengwa kwa hewa na maji, na udongo ukaongeza chumvi kidogo tu.

Mwaka huohuo wa 1804, mwezi wa Februari, Priestley alifariki Pennsylvania. Hadi mwisho aliitetea nadharia ya zamani ya moto ambayo wanakemia karibu wote walikuwa wameiacha. Mtu aliyewasihi wengine wachunguze bila woga alishindwa kuliacha wazo lake mwenyewe. Simcheki, nawajua wazee wa kanisa wa namna hiyo, na huenda nami ni mmoja wao.

Swali moja lilikuwa limebaki. Kaboni huzunguka: jani huivuta, ng'ombe hula jani, sisi twanywa maziwa, kisha kwa pumzi, moto na kuoza inarudi hewani, na jani jingine laipokea. Mwanga je? Mwaka 1845 daktari Mjerumani, Robert Mayer, aliandika kwamba mimea huigeuza nguvu ya jua na kuiweka akiba. Ndiyo hiyo inayotoka tena jikoni mkaa unapowaka. Ila nguvu hii hairudi jani lilikoanzia. Raymond Lindeman, kijana wa Marekani aliyechunguza ziwa dogo la Minnesota, Cedar Bog Lake, alipiga hesabu yake kutoka mimea hadi wanyama wanaowala wanyama wengine. Katika kila hatua nyingi hupotea kama joto; kinachopita hukadiriwa kwa kawaida kuwa sehemu moja ya kumi hivi, kiasi cha zaka. Ndiyo maana swala ni wengi na simba ni wachache, na jua lisipochomoza hakuna akiba itakayotosha.

Makala yake ilikataliwa kwanza, kisha mwalimu wake akamwombea kwa mhariri. Ilitoka Oktoba 1942. Lindeman alikuwa amefariki mwezi Juni, akiwa na miaka 26.