Tasnifu ya Kiswahili: Asili ya Sura Zake

Mwongozo wa uandishi wa tasnifu humkabidhi mwanafunzi wa uzamili orodha ndefu: ikirari, shukurani, ikisiri, usuli wa mada, tatizo la utafiti, malengo, maswali, mapitio ya maandishi, kiunzi cha nadharia, mbinu za utafiti, uchanganuzi wa data, hitimisho na marejeo. Orodha hiyo hutolewa kana kwamba ilikuwapo tangu awali. Ukweli ni kwamba vipengele vyake vilizuka katika nyakati mbalimbali, vikijibu maswali ya watahini wa nyakati hizo.

Katika vyuo vikuu vya Ulaya ya Enzi za Kati, kama vile Bologna na Paris, msingi wa mtihani ulikuwa mjadala wa mdomo. Mtahiniwa aliweka kauli mbele ya walimu wake, akaitetea dhidi ya pingamizi zao. Ndiyo maana hadi leo husemwa kwamba mwanafunzi "anatetea" tasnifu. Mageuzi makubwa yalitokea Ujerumani katika karne ya 19, hususan baada ya kuanzishwa kwa Chuo Kikuu cha Berlin mwaka 1810, ambapo kufundisha kuliunganishwa na kutafiti. Mtahiniwa sasa alidaiwa jambo jipya. Dai hilo ndilo lililoyapa uzito mapitio ya maandishi na marejeo, kwani upya hauthibitiki pasipo kuonyesha yaliyokwisha kusemwa. Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani kilitunuku shahada za uzamivu za aina hii mwaka 1861. Oxford iliianzisha mwaka 1917.

Utaratibu huo uliingia Dar es Salaam kwa njia ya London. Chuo kilichofunguliwa mwaka 1961 kilihusishwa na Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Mwaka huo wa 1970 ndipo Idara ya Kiswahili ilipoanzishwa. Swali lililoikabili lilikuwa zito: je, Kiswahili kingeweza kuwa lugha ya hoja yenyewe, badala ya kuwa mada inayojadiliwa kwa Kiingereza? Mwaka 1976 Euphrase Kezilahabi aliwasilisha hapo tasnifu yake ya uzamili kwa Kiswahili, juu ya Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Tasnifu yake ya uzamivu, iliyokamilika mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, iliandikwa kwa Kiingereza. Hatua hizo mbili za msomi mmoja zaonyesha jinsi uchaguzi wa lugha ulivyofungamana na mahali pa kutahiniwa.

Hata hivyo, Waswahili hawakuwa wageni wa maandishi yenye mpangilio. Tenzi nyingi za kale zina dibaji, ambamo mtunzi humtukuza Mungu na pengine huagiza wino na karatasi; kisha kisa chenyewe; na mwishoni tamati, ambamo aghalabu hutajwa jina la mtunzi, tarehe au idadi ya beti. Tamati hiyo iko karibu na ikirari: zote mbili humtaja mwenye kazi. Tofauti ni kwamba tasnifu humtaka mwandishi ajipambanue pia na waliomtangulia. Neno lenyewe "tasnifu" lina asili ya Kiarabu, na hubeba maana ya kutunga na kupanga kwa mafungu.

Kutoijua historia hii kuna madhara. Mbinu za sayansi za jamii zilipoenea katika miongozo, istilahi kama sampuli na eneo la utafiti ziliingia hata katika tasnifu za fasihi. Mwanafunzi anayechambua riwaya mbili hulazimika kueleza "usampulishaji" wake, ilhali linalotakiwa ni sababu ya kuzichagua riwaya hizo. Vivyo hivyo, nadharia hufafanuliwa kwa kurasa nyingi katika sura ya kwanza, kisha isionekane tena katika uchanganuzi.

Hatari nyingine imo katika safari kutoka pendekezo hadi tasnifu. Pendekezo huahidi: utafiti "utachunguza". Tasnifu huripoti: utafiti "ulichunguza". Wako wanaodhani kwamba kubadili -ta- kuwa -li- kunatosha. Lakini data huweza kulikanusha swali lililopendekezwa, na hapo tatizo la utafiti hudai kuandikwa upya, pamoja na mapitio yanayolihusu.

Kiswahili kimekwisha kuthibitisha kwamba chaweza kubeba tasnifu. Linalobaki ni kila sura ya tasnifu hiyo kuwepo kwa sababu hoja inaihitaji. Msimamizi atamfaa mwanafunzi wake zaidi akimuuliza kila sura inajibu swali gani, kabla ya kumuuliza kama ameifuata orodha.