Faili la amri za mwanzo

Simu ya Android ikikwama kwenye nembo, fundi hubonyeza kitufe cha kuwashia pamoja na cha sauti ili aingie kwenye mfumo mdogo wa kuiokoa. Mfumo huo hufungashwa katika faili moja ambalo wengine huliita “taswira ya uokozi”. Neno taswira silipendi hapa, maana mwanafunzi akilisikia anafikiria picha. Hii ni nakala ya mfumo iliyo tayari kupakiwa kwenye simu. Tuseme “nakala ya uokozi”.

Ndani yake mna mafaili yanayoishia na .rc, na hapo ndipo tunapoteleza zaidi. Tunayaita “mafaili ya usanidi”, kana kwamba ni mipangilio iliyotulia tu. Herufi hizo zinatokana na runcom, programu ya miaka ya 1960 aliyoiandika Mfaransa Louis Pouzin alipokuwa MIT, Marekani, ili kompyuta itekeleze amri zilizopangwa kwenye faili, moja baada ya nyingine. Kumbe ni amri! Init, mchakato wa kwanza kuamka simu inapowaka, huzisoma na kuzitii: unda folda hii, pachika hifadhi ile, anzisha huduma fulani. Kwa hiyo napendekeza “faili la amri za mwanzo”.

Nakala ya uokozi inapojengwa, kanuni za ujenzi za Android huyaondoa mafaili ya init*.rc ya simu nzima yaliyo kwenye folda kuu, kisha huweka la uokozi wenyewe. Yanayosalimika ni yale ambayo jina lake linaanza na init.recovery, likifuatiwa na jina la maunzi, kama init.recovery.qcom.rc kwa simu nyingi zenye chipu za Qualcomm. Init hulitafuta faili hilo kwa jina hilohilo.

Niliwahi kuweka jina la simu mahali pa qcom. Menyu ilitokea, skrini ikaitika kidole, lakini sehemu za hifadhi hazikuonekana hata moja. Usiku kucha nilikagua orodha ya sehemu hizo nikitafuta thamani iliyokosewa, kwa kuwa kichwani nilikuwa na neno usanidi. Orodha haikuwa na kosa. Iliyokosekana ni amri moja, symlink, inayounda njia ya /dev/block/bootdevice, nayo ilikuwa kwenye faili ambalo init haikulisoma kabisa. Ningejiuliza mapema ni amri gani haijatekelezwa, ningelala.

Nawaomba wanaoandika miongozo ya Android kwa Kiswahili waliweke neno amri kwenye jina la faili hili.