Amri ya Kuua Lebo

Lebo ya RFID inayoshonwa kwenye shati haina betri. Inaishi kwa mawimbi ya kisomaji: ikimulikwa inataja namba yake, ikiachwa inalala. Kazi yangu ghalani ni kuziandika na kuzifunga, na mara chache kuziua. Ikiuawa, lebo hujibu mara moja ya mwisho, kisha kimya. Hata ukisogeza kisomaji kikagusa antena, haiitiki tena. Kimya kile watu walikipigania.

Mwaka 1999, katika chuo cha MIT, Kituo cha Auto-ID kilianza kutafuta mrithi wa barkodi: kila kipande cha bidhaa kiwe na namba yake peke yake. Machi 2003 Philips ilitangaza kwamba Benetton ingetia chipu milioni 15 katika nguo zake. Kundi la CASPIAN la Katherine Albrecht, huko Marekani, likawataka wanunuzi waisuse Benetton, na haukupita muda kampuni ikarudi nyuma. Hofu ilikuwa ya haki. Nguo nimeshailipia, nani mwingine ataisoma nikipita mlangoni pake?

Jibu la wahandisi lilikuwa amri ya kuua. Lakini katika lebo za kwanza za aina iliyoitwa Daraja la 1, nywila yake ilikuwa biti 8 tu, yaani namba 256. Mwenye subira angezijaribu zote.

Huko Rheinberg, Ujerumani, duka la mfano la kampuni ya Metro liliweka mashine ya kuzima lebo baada ya malipo. Mapema 2004 Albrecht na wanaharakati wa kundi la FoeBuD wakagundua kwamba mashine ilifuta namba ya bidhaa tu. Namba ya kiwandani ilibaki inasomeka. Kadi za uaminifu za wateja nazo zilikuwa na chipu, wenyewe hawana habari. Watu wakaandamana, Metro ikaziondoa kadi. Mimi naona mashine ile ilikuwa mbaya kuliko kukosa mashine, maana mteja alitoka na amani moyoni na lebo ingali hai mfukoni.

Desemba 2004 kikaja kiwango kipya cha lebo, Gen2. Nywila ya kuua ikawa biti 32, namba zaidi ya bilioni 4, nayo hupelekwa nusu kwa nusu, kila nusu imefunikwa kwa namba ya bahati nasibu iliyotolewa na lebo yenyewe. Pamoja nayo ikaja amri ya kufunga. Kila sehemu ya kumbukumbu ina kufuli lake: unaweza kuliacha wazi, kulifunga kwa nywila, au kulifunga moja kwa moja lisifunguliwe tena na yeyote.

Hapo ndipo penye mtego. Kiwango kinasema lebo yenye nywila ya kuua iliyo sifuri tupu isikubali kufa, na kwa kawaida lebo hutoka kiwandani na sifuri. Ghala moja nililofanyia kazi lilifunga moja kwa moja lebo za katoni nzima kabla ya kuandika nywila. Tulikaa usiku na makasi, tukikata antena moja moja, kwa kuwa hakuna amri iliyobaki ya kuziua.

Mei 2009 Tume ya Ulaya ilipendekeza maduka yazime lebo bila malipo pale pale kaunta, isipokuwa mteja akiridhia zibaki. Lebo yenye sifuri zilizofungwa haiwezi kumtendea mteja haki hiyo. Wewe unayeshika kisomaji, isome nywila ya kuua kwanza. Ikiwa ni sifuri, usifunge.