Jaribio la Mapinduzi la Aprili 1967 Nchini Ghana: Cheo, Utii na Uhalali wa Utawala wa Kijeshi

Alfajiri ya tarehe 17 Aprili 1967, askari wapatao 120 wa kikosi cha upelelezi kutoka Ho, mashariki mwa Ghana, waliingia Accra kwa nia ya kuiondoa serikali ya Baraza la Ukombozi wa Taifa. Aliyewaongoza hakuwa jenerali wala kanali, bali Luteni Samuel Arthur, akisaidiwa na Luteni Moses Yeboah na Luteni Usu Ebenezer Osei-Poku. Operesheni yao waliiita “Guitar Boy”, jina la wimbo wa Victor Uwaifo wa Nigeria uliokuwa ukivuma wakati huo. Walikiteka kituo cha redio na kutangaza kuanguka kwa serikali. Luteni Jenerali Emmanuel Kotoka aliuawa. Joseph Ankrah, mwenyekiti wa Baraza, aliponea chupuchupu katika Ngome ya Osu. Siku hiyohiyo jaribio lilizimwa.

Kwa kuwa Kotoka alikuwa wa kabila la Ewe na viongozi wa jaribio walikuwa Waakan, tukio lilielezwa upesi kwa misingi ya ukabila. Maelezo hayo hayatoshi: serikali iliyolengwa ilikuwa pia ya Akwasi Afrifa, ambaye alikuwa Mwasante. Suala la vyeo lina uzito zaidi. Kotoka alikuwa kanali Nkrumah alipopinduliwa tarehe 24 Februari 1966. Hata miezi 14 haikutimia naye alikwisha kuwa luteni jenerali. Maofisa wadogo walishuhudia kwamba kuvunja kiapo kulilipa.

Hata hivyo, cheo hichohicho ndicho kilichowakwamisha. Redio ilikuwa mikononi mwao, lakini makamanda wa vikosi vingine hawakuwa tayari kupokea amri za luteni. Mapinduzi ya 1966 yalikuwa na kanali na meja wenye vikosi nyuma yao. Haya yalikuwa na kikosi kimoja tu.

Mahakama ya kijeshi iliwatia hatiani. Mwezi Mei 1967 Arthur na Yeboah walipigwa risasi hadharani huko Teshie, naye Osei-Poku akafungwa miaka 30. Ugumu wa kisheria wa hukumu hiyo uko wazi: serikali iliyowaadhibu kwa kutumia silaha dhidi ya serikali ilikuwa yenyewe imeingia Ikulu kwa silaha. Baraza halikulijibu swali hilo. Mwaka 1969 uwanja wa ndege wa Accra, alikouawa Kotoka, ulipewa jina lake.